Kutengeneza Zana Shirikishi ya Kuelewa Mjadala wa Sera: Mwongozo Kamili Kutoka Bonde la Usangu

Ukishuka kwenye basi pale Igurusi au Chimala, kando ya barabara kuu ya TANZAM, ukauliza ni nani anayeumaliza Mto Ruaha Mkuu, utapata majibu mengi kuliko mabanio, yaani vizuizi vya kugeuzia maji mferejini, yaliyojengwa mtoni. Mkulima wa mpunga aliye juu atakuambia kwamba mvua zimepungua. Aliye chini atamtaja huyo wa juu. Mfugaji atasema hajawahi kuona ng'ombe akinywa mto ukakauka, mtu wa hifadhi atakuonyesha picha ya viboko waliobanana kwenye dimbwi la mwisho, na anayeshughulika na umeme, kama yupo kijiweni siku hiyo, atalitaja bwawa la Mtera. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, na hakuna aliyekaa mahali anapouona mto wote kwa mara moja.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza zana shirikishi, yaani kitu ambacho mtu anakishika, anakibadilisha na kuona kilichotokea, ili aelewe mjadala wa sera kabla hajaamua yuko upande gani. Nimeuchukua mgogoro wa maji ya Usangu, bonde la mpunga mkoani Mbeya, kuwa mfano wa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu naujua, na kwa sababu mojawapo ya zana bora za aina hii ilichezwa humu humu bondeni mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ubao na gololi. Anayeshughulika na bei ya mahindi Makambako au na lumbesa za viazi Njombe anaweza kuzifuata hatua hizi hizi.

Hatua ya kwanza: tenganisha magomvi yaliyofungwa katika kamba moja

Mjadala wa sera haukufikii ukiwa umechambuliwa. Unakuja kama mzigo wa kuni. Katika Usangu, kwa miaka mingi watu wamezungumzia mambo mawili kana kwamba ni moja. La kwanza ni kukauka kwa Ruaha Mkuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, jambo lililoanza kuonekana miaka ya mwanzo ya 1990. La pili ni upungufu wa umeme katika vituo vya Mtera, chenye uwezo wa megawati 80, na Kidatu, chenye megawati 204. Wakati wa mgao wa umeme wa miaka ya 1990, lawama ziliwaendea wakulima na wafugaji wa Usangu kwa mambo yote mawili.

Watafiti waliofanya kazi bondeni walihoji mseto huo. Mtera hujazwa hasa na maji ya masika, tena hupokea pia Ruaha Mdogo unaopita Iringa mjini, pamoja na mto Kisigo. Kwa hiyo kijito kinachokatika kiangazi kutoka Ihefu, kinamasi cha humo bondeni, ni kidogo mno kuwa ndicho kinacholitia bwawa hilo njaa, na namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa ilihitaji kuulizwa pia. Ndani ya hifadhi, kinyume chake, hicho kijito kidogo ndicho uhai wenyewe. Mtengenezaji anayeweka magomvi haya mawili katika skrini moja, kwa kitelezi kimoja, yaani kidude cha kuburuta kwa kidole kulia na kushoto, kinachoitwa «maji ya mpunga», ameshatoa hukumu kabla mtumiaji hajagusa chochote.

Kwa hiyo andika swali moja, kwa sentensi moja, lenye mahali na msimu ndani yake. Mfano: «Mto ukipungua kuanzia Julai, maji yaliyobaki yagawanywe vipi kati ya mabanio na mto wenyewe?» Swali likikosa msimu, zana itakosa maana, kwa sababu Usangu ya Machi na Usangu ya Oktoba ni nchi mbili tofauti.

Hatua ya pili: andika hoja za kila upande mpaka wenyewe wazikubali

Kabla ya kugusa kompyuta, tembea. Nenda kwa mkulima wa banio la juu, kwa yule wa mwisho wa mfereji, kwa mfugaji, kwa jumuiya ya watumia maji, kwa ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iliyoko Iringa, na kwa watu wa uhifadhi. Kwa kila upande andaa kadi yenye maneno yasiyozidi themanini, ukieleza hoja yao katika sura yake yenye nguvu kuliko zote, kisha rudi ukawasomee. Kadi imekamilika pale mwenye hoja anapoitikia kwa kichwa na kusema ndivyo hasa anavyosema yeye. Akianza kusahihisha, bado hujamaliza.

Kazi hii ni ya kuchosha na huwa inarukwa. Hata hivyo, ndiyo inayokupa maneno sahihi na ndiyo inayofichua yale ambayo takwimu hazitakuambia. Mfugaji aliyeshuhudia watu na mifugo wakiondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 hasikii neno «uhifadhi wa maji» kama anavyolisikia mwanafunzi wa Iringa, na zana isiyojua hilo itakataliwa mlangoni, hata hesabu zake ziwe safi namna gani.

Hatua ya tatu: pambanua kinachojulikana, kinachokadiriwa na kinachothaminiwa

Chukua daftari, ugawe ukurasa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ya mambo yaliyopimwa, kama mtiririko wa mto kwenye kituo cha vipimo au mvua iliyorekodiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Sehemu ya pili ni ya makadirio: eneo la mpunga unaomwagiliwa Usangu, kwa mfano, lilikadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa kati ya hekta 20,000 na 40,000 kulingana na mvua ya mwaka, na upana wa makadirio hayo wenyewe ni habari ambayo mtumiaji anastahili kuiona. Sehemu ya tatu ni ya mambo ambayo hakuna kipimo kitakachoyamaliza, kama vile iwapo kiboko ana haki ya maji iliyo sawa na ya jaruba la mpunga. Zana ikionyesha mambo ya sehemu ya tatu kwa sura ya namba, imedanganya.

Kwa upande wa kupata takwimu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia njia ya kuomba taarifa kwa maandishi kutoka taasisi za umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Omba mapema, omba kitu mahususi, taja kituo cha vipimo na miaka. Barua inayoomba «takwimu zote za maji» hupata jibu la kupendeza lisilo na kitu ndani. Ukikusanya na kuchapisha takwimu zako mwenyewe, soma Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho ya 2018 na 2019, kwa kuwa yale ya 2018 yalibana uchapishaji wa takwimu na yale ya 2019 yakalegeza.

Hatua ya nne: anza na ubao

Mchezo wa bonde la mto, ulioandaliwa na Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia pamoja na watafiti wenzake waliofanya kazi Usangu, ni ubao mkubwa uliolazwa kwa mteremko. Katikati umechongwa mto, na pembeni yake kuna vishimo vinavyowakilisha mashamba. Gololi zinazoachiwa juu ndizo maji. Mchezaji anaweka kijiti mtoni, kijiti kinakuwa banio, na gololi zinazogonga kijiti zinaingia kwenye mfereji wake hadi vishimoni. Anayekaa juu hujaza vishimo vyake na ziada. Anayekaa chini hukaa akisubiri mlio wa gololi usiofika. Hakuna mhadhara unaoweza kueleza hali ya kuwa mwisho wa mfereji kama unavyoeleza mlio huo usiosikika.

Ubao wa namna hii unaweza kuchongwa na fundi seremala yeyote wa Mwanjelwa, Mbeya mjini. Chora mchoro wako kwanza kwenye karatasi ya manila, urefu wa mto usipungue mita moja na nusu, na mfereji uwe mpana kidogo kuliko gololi ili zisikwame. Ujaribu mteremko kwa kuinua upande mmoja kwa matofali: ukizidi, gololi huruka vijiti; ukipungua, husimama. Andaa gololi nyingi kwa raundi ya masika na chache, kama robo yake, kwa raundi ya kiangazi.

Uendeshaji wake una mpangilio ambao usiubadilishe. Raundi ya kwanza kila mtu anajichezea, bila kuzungumza. Ya pili, watu wanabadilishana nafasi, wa juu anakwenda chini. Ni hapo tu ndipo unawaachia wazungumze, na raundi ya tatu wanacheza kwa makubaliano waliyoyafanya wenyewe. Msimamizi asiseme neno «haki» wala «uonevu». Wachezaji watayafikia bila msaada wake, na mara nyingi kwa sauti kubwa.

Sababu ya kuanza na ubao si uhaba wa kompyuta. Ubao unakulazimisha kuamua ni vitu gani vichache vinavyoendesha mjadala, kwa kuwa huwezi kuchonga kila kitu. Mimi nilianza kwa njia ya kinyume. Toleo langu la kwanza lilikuwa la kompyuta, lilikuwa na vitelezi kumi na kimoja, na nililipeleka kwenye mkutano wa skimu moja ya umwagiliaji nikiwa na majivuno mengi. Mzee mmoja alikitazama kioo kwa muda, akaniuliza kwa upole, «Sasa mwanangu, mto uko wapi hapa?» Haukuwepo. Kulikuwa na grafu sita.

Hatua ya tano: jenga hesabu ndogo inayoweza kukaguliwa kwa penseli

Ubao ukishaeleweka, hamishia kwenye kompyuta au simu kile ambacho ubao hauwezi: kurudia misimu mingi na kubadilisha kanuni za ugawaji. Ufuatao ni mfano wa kubuni, na vipimo vyake si vya mto wowote halisi.

Mto unaleta vipimo 120. Kuna mabanio matatu, na kila moja lina kibali cha vipimo 30. Masika hakuna ugomvi: yote matatu yanapata 30, na 30 zinabaki mtoni. Sasa tuweke kanuni mbili. Kwa kanuni ya kiasi kisichobadilika, kila banio linachukua 30 zake maadamu zipo. Kwa kanuni ya mgao, kila banio linapata robo ya maji yote yaliyoletwa na mto, na robo moja inaachiwa mto.

Mto ukishuka hadi 90, kanuni ya kwanza inawapa wakulima 30, 30 na 30, na mto unabaki mkavu. Kanuni ya pili inampa kila mmoja 22.5 na mto nao 22.5. Tuseme mpunga wa kila skimu unahitaji angalau 20 ili uzae: kanuni ya mgao imeokoa mpunga wote na mto pia. Mtumiaji akiishia hapa, ataondoka akiamini kwamba jibu limepatikana. Lakini mto ukishuka hadi 60, kanuni ya kwanza inatoa 30, 30, sifuri, na mto sifuri, maana yake skimu mbili zinavuna na ya tatu inakufa. Kanuni ya mgao inatoa 15 kwa kila mmoja na 15 kwa mto, na mpunga wa wote watatu unashindwa. Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipo. Zana yako iruhusu mtu afike hapo kwa mkono wake mwenyewe, wala usimfiche kiangazi kibaya kwa sababu kinaharibu hadithi nzuri.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu hii hulileta bila kulitafuta. Ili kila mmoja apate robo ya mto, banio la kwanza linachukua robo ya maji yanayolifikia, la pili linachukua theluthi, na la tatu linachukua nusu. Mpita njia akisimama kwenye banio la mwisho ataona nusu ya mto ikigeuzwa mferejini na kumwita mkulima yule mlafi, ilhali amechukua sawasawa na wenzake. Chora jambo hili, lina thamani kuliko rangi zote utakazoweka.

Kila ulichokiacha nje kiandike mahali panapoonekana, kwa sentensi nyepesi. Katika mfano huu nimeacha maji yanayorudi mtoni kutoka majarubani na kutumiwa tena na walio chini, na hilo si dogo katika Usangu. Nimeacha pia mvukizo wa Ihefu. Anayetaka kuipinga zana yako apewe silaha hizo na wewe mwenyewe.

Hatua ya sita: mwombe mtumiaji akisie kwanza

Kabla ya kuonyesha matokeo, uliza: «Unadhani banio la tatu litapata kiasi gani?» Mtumiaji aburute alama mpaka anapodhani ndipo, kisha jibu litokee kando ya kisio lake. Mtu anayeonyeshwa namba huipokea au huikataa. Mtu aliyekisia na akakosea huuliza kwa nini. Lakini asidhihakiwe. Epuka nyekundu, milio ya makosa na maneno kama «umekosa», na usitoe alama za ushindi mahali popote, kwa kuwa pointi zikiwepo tu, wewe ndiye umeamua ushindi ni nini.

Nafasi ya kuanzia ya kila kitelezi nayo ina hukumu ndani yake. Watu wengi hawatakigusa kabisa, na wanaokigusa hukisogeza kidogo tu kutoka walipokikuta. Anzia kwenye hali ilivyo sasa, uandike ni ya tarehe gani, au uanzishe kwa bahati nasibu na useme hivyo. Vitelezi visizidi vitatu.

Hatua ya saba: lugha, simu na redio

Tumia ekari, si hekta, maana ndicho kipimo cha mazungumzo ya shambani. Namba za hekta ziache kwenye maelezo. Badala ya «mtiririko wa kimazingira» andika «maji ya kuachwa mtoni». Tumia banio, mfereji, jaruba, kitalu, kupandikiza, zamu ya maji, kwa kuwa haya ndiyo maneno ya mkutano. Mwaka wa Nyanda za Juu Kusini una masika ya Novemba hadi Aprili au Mei na kiangazi kinachofuata. Ukiiga kalenda ya vuli ya Pwani, mkulima wa Ubaruku atajua mara moja kwamba umetoka mbali.

Ukurasa wako uwe mwepesi, ufunguke kwa simu janja ya bei ya chini, na ukishafunguka mara moja ufanye kazi bila mtandao. Fikiria simu moja inayotazamwa na watu watano chini ya mti: maandishi yawe makubwa, na kitufe kifanye kazi kwa kidole gumba kilichotoka shambani. Wenye simu za kitochi usiwaache. Mtangazaji wa redio anaweza kusoma hali moja hewani, akawapa wasikilizaji chaguo A na B wayatume kwa ujumbe mfupi, kisha akasoma matokeo ya kila chaguo, na juma linalofuata akaendelea na msimu ulioharibiwa au kuokolewa na uamuzi wa wengi. Redio hufanya zana kuwa ya kijiji kizima, jambo ambalo skrini hailiwezi.

Hatua ya nane: ijaribu mbele ya wasiokubaliana

Keti na mtu mmoja mmoja, watano au sita wanatosha kwa awamu ya kwanza, nawe ukae kimya. Kunyamaza ni kugumu kuliko kuandika programu. Kila mahali utakapotamani kueleza ndipo zana inapotaka kurekebishwa.

Kabla ya kucheza, mwombe kila mmoja aeleze hoja ya upande asiokubaliana nao. Baada ya kucheza, mwombe tena. Zirekodi kauli zote mbili kwa ruhusa yake, kisha mpe mtu wa upande ule wa pili, asiyejua ipi ni ya kwanza, achague iliyo karibu zaidi na hoja yake. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Wafadhili hupenda kuuliza ni wangapi waliobadilisha msimamo, lakini zana ya kuelewa haikutengenezwa ili kuhamisha watu, na anayebaki na msimamo wake baada ya kuona mto wote hajashindwa chochote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inakuhusu pindi unapokusanya jina, namba ya simu au mahali alipo mtu. Njia rahisi ni kutovikusanya. Katika mgogoro wa ardhi na maji, orodha ya nani alichagua nini inaweza kumdhuru mtu kijijini kwake, hata kama wewe uliichukua kwa nia njema. Ukichapisha maudhui mtandaoni kwa kudumu, angalia pia kanuni za maudhui za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla ya kuzindua.

Hatua ya tisa: iache mikononi mwa mtu

Andika tarehe ya takwimu kwenye ukurasa wa kwanza, si mwishoni. Panga kuzisasisha mara moja kwa mwaka, mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha na vipimo vya mto vikiwa vimepatikana, na umtaje kwa cheo anayehusika: katibu wa jumuiya ya watumia maji, mwalimu wa jiografia, au mwanafunzi wa chuo aliyekubali kwa maandishi. Mpe fomula kwenye karatasi moja, pamoja na mfano wa vipimo 120 uliokokotolewa hatua kwa hatua, ili aweze kuihakiki hata kompyuta ikifa. Ubao wa gololi uhifadhiwe ofisi ya skimu, mahali pasipovuja, na gololi za akiba ziwepo kwenye mfuko uliofungwa, kwa kuwa watoto watazitafuta.